Barua ya wazi kwa wenye kliniki: kabla ya kununua tanuri, angalieni boksi liko wapi

Waheshimiwa wamiliki wa kliniki, waganga wafawidhi, mameneja, na nyote mnaopanga bajeti za huduma ya afya ya msingi,

Salaam.

Nawaandikia kuhusu taka. Najua ajenda hii huwekwa chini kabisa, jirani na "mengineyo", na ikifikiwa wajumbe wameshachoka na wengine wameshaanza kukusanya makaratasi. Jibu huwa moja kati ya mawili: "tutaliangalia" au "tunahitaji tanuri la kuteketezea taka". Hilo la pili ndilo lililonisukuma kuandika. Muda wote niliofanya kazi ya uuguzi na kinga ya maambukizi kwenye vituo vidogo, nimesikia tanuri likitajwa kama dawa ya kila kitu. Linaonekana, linapigwa picha, linazinduliwa na mgeni rasmi. Nami sikatai kwamba lina kazi yake, nitalifikia. Ila mambo huharibika mapema sana kabla ya moto, katika zile sekunde chache kati ya sindano kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa na kutua mahali itakapokaa. Pale panatakiwa boksi, ndoo zenye rangi tofauti, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "hapana, hii haiingii humu".

Kama mnasoma haya mkiwa kazini, nendeni chumba cha sindano mkasimame anaposimama muuguzi. Nyosheni mkono. Boksi la vitu vyenye ncha kali mnalifikia bila kupiga hatua? Katika vituo vingi nilivyopita lilikuwa nyuma ya mlango, au chini ya sinki, au chumba cha pili kwa maelezo kwamba chumba hiki ni kidogo. Sasa fikirini: muuguzi amemaliza kuchoma, mtoto analia, mama anauliza arudi lini, na mlangoni kuna foleni. Mkononi ana sindano iliyotumika na boksi liko hatua nne mbali. Ataiweka kwenye trei kwa muda. Au atairudishia kifuniko chake, jambo ambalo kila mmoja alifundishwa chuoni asilifanye, kwa kuwa ni hapo hapo kidole hukutana na ncha. Trei ikijaa, atakuja mtu mwingine kabisa kuikung'uta yote kwenye mfuko mmoja: sindano, pamba, glavu, vichupa, karatasi za maelezo ya dawa.

Na boksi likiwepo, lichungulieni kwa juu. Kanuni ni kulifunga likifika robo tatu. Boksi la kadibodi la lita 5, lile linalotumika sana kwenye chanjo, hubeba mabomba ya sindano 100 hivi. Nimeona yaliyojazwa mpaka sindano zimechomoza kama miiba ya nungunungu, na mtu anazishindilia chini kwa bomba jingine. Msikimbilie kusema ni uzembe. Ukiuliza utaambiwa maboksi ya mwezi huu yameisha, stoo wanasema msubiri oda ijayo, na aliyepunguza idadi kwenye oda alikuwa ofisini na kalamu. Kituo kinachojua kimechoma sindano ngapi mwezi uliopita kinajua kinahitaji maboksi mangapi mwezi huu. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu asilimia 85 ya taka zinazotoka kwenye huduma za afya ni taka za kawaida, sawa na za nyumbani: maboksi ya dawa, karatasi, mabaki ya chakula, vifungashio. Asilimia 15 ndizo hatarishi, yaani zenye maambukizi, sumu, kemikali au mionzi. Wengi wetu tumeshaisikia takwimu hii kwenye mafunzo, tukaiandika, tukafunga daftari. Ila hebu ipelekeni kwenye mzani wenu wenyewe. Kliniki ikizalisha kilo 10 kwa siku na ikatenganisha, ina kilo moja na nusu hivi za kushughulikia kwa gharama na uangalifu. Isipotenganisha, pamba moja yenye damu ikiingia kwenye mfuko wa karatasi, mfuko mzima umekuwa wa hatari na kilo zote 10 zinatakiwa zitibiwe. Kisha meneja yule yule analalamika kwamba mkandarasi wa taka anamtoza sana kwa kilo, au kwamba mafuta ya tanuri yanaisha haraka. Analipia kuchoma maboksi ya panadoli.

Kutenganisha hufanywa na yule anayeitupa taka, palepale anapoitupa. Hakuna kutenganisha baadaye. Mtu anayeingiza mkono kwenye mfuko kutoa kilichokosewa anacheza na maisha yake, na hilo lipigwe marufuku kwa maandishi. Rangi za ndoo na mifuko hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo fuateni mwongozo wa wizara yenu. Cha msingi rangi iwe na maana ile ile chumba cha kujifungulia, maabara na chumba cha vidonda. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mifuko ya rangi ilipoisha, kila chumba kilitumia uliopo. Ndani ya wiki moja hapakuwa na mtu aliyeamini rangi yoyote, na hata mifuko sahihi ilipokuja, watu waliendelea kutupa popote.

Sasa nije kwa yule anayebeba mfuko.

Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, Shirika la Afya Duniani linakadiria hatari ya kuambukizwa kuwa asilimia 30 kwa homa ya ini B, asilimia 1.8 kwa homa ya ini C, na asilimia 0.3 kwa VVU. Tazameni namba ya kwanza. Sote tukisikia sindano tunawaza UKIMWI, na mabango yetu yanazungumzia UKIMWI, kumbe mkubwa zaidi hapa ni homa ya ini B, ambayo virusi vyake huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Na ndiyo yenye chanjo kati ya hayo matatu. Dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Chanjo ipo, ni ya miaka mingi, inafanya kazi.

Basi ulizeni kituoni kwenu nani amechanjwa. Mtapewa orodha ya madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Ulizeni na mhudumu wa usafi. Mara nyingi mtaambiwa yule si wetu, ni wa kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Ukienda kwenye kampuni, watakwambia masuala ya chanjo ni ya hospitali. Hivyo mtu mmoja, ambaye kwa siku anagusa mifuko ya vyumba vyote kuliko daktari yeyote, anaangukia katikati ya mikataba miwili. Amepewa glavu nyembamba za kumpimia mgonjwa, ndala miguuni, na mfuko anaoubeba umegusana na paja. Sindano ikipenya, inapenya hapo kwenye paja. Akichomwa hasemi, maana ameshaona mwenzake aliyesema akahamishwa. Na dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Kimya chake kinamla muda huo.

Katika yote ninayoyaomba humu, hili ndilo rahisi kuliko mengine, na sijaelewa kwa nini linahitaji barua. Kwenye mkataba wa usafi ongezeni vifungu viwili: hakuna anayegusa taka kabla ya kuanza chanjo ya homa ya ini B, na gharama iko ndani ya zabuni. Wekeni pia buti, glavu nzito na aproni kama vifaa vya lazima, vikaguliwe kama inavyokaguliwa leseni ya daktari. Akichomwa, ripoti iende kwa mtu asiye na uwezo wa kumfukuza kazi.

Kuna wanaodhani taka ikishatoka getini shida imeisha. Historia inasema vingine. Mwaka 2009, katika jimbo la Gujarat nchini India, zaidi ya watu 200 waliambukizwa homa ya ini B, na sindano zilizotumika tena zikawa chanzo. Uchunguzi ulifichua biashara ya vifaa vya hospitali vilivyookotwa na kurudishwa sokoni. Mwaka 2019 huko Ratodero, Pakistani, mamia ya watoto walikutwa na VVU, na miongoni mwa yaliyoonekana ni sindano kurudiwa na taka za vituo kuachwa ovyo. Kwa dunia nzima, sindano zisizo salama zilikadiriwa mwaka 2010 kuleta maambukizi mapya ya VVU yanayofikia 33,800, ya homa ya ini C 315,000, na ya homa ya ini B milioni 1.7. Bomba zima lenye sindano yake likifika jalalani lina bei. Lililokatwa au kuharibiwa halina. Ndiyo maana kikata sindano kidogo cha mezani, mahali ambapo mwongozo unakiruhusu, na mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, yana thamani kuliko ukuta mrefu wa jalala.

Hata nchi tajiri zimeaibika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mabomba ya sindano yalikuwa yakisukumwa na mawimbi hadi kwenye fukwe za mashariki mwa Marekani, watu wakazikimbia fukwe hizo, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kufuatilia taka za kitabibu kuanzia zinapozalishwa hadi zinapoteketezwa. Na mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, mashine ya mionzi iliyoachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama ilichukuliwa na waokota vyuma. Wakaifungua, unga wake wa sesiamu, madini yenye mionzi, ukazunguka mtaani kama kitu cha ajabu cha kugawiana, watu 249 wakakutwa na uchafuzi na wanne wakafa. Kliniki zenu nyingi hazina mionzi, najua. Nimelitaja kwa sababu jengo lilikuwa na wenyewe, na hakuna aliyejiona anawajibika kwa kilichobaki ndani.

Karatasi ya makabidhiano basi. Kila mzigo ukitoka uandikwe uzito, aina, tarehe, aliyetoa na aliyepokea, na nakala irudi ikiwa na saini ya mahali ulipoishia. Msiporudishiwa nakala, msilipe. Mkandarasi anayekuja na gari zuri na kuondoka na mifuko hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba ana gari. Mara moja moja mtu wenu alifuate hilo gari. Nasema hivi bila utani.

Haya, tanuri.

Ili moto uteketeze taka za kitabibu vizuri, unatakiwa kufika nyuzi 850 hadi 1,100 za selisiasi, kwenye tanuri lenye vyumba viwili: cha kwanza kinachoma taka, cha pili kinachoma moshi wa kile cha kwanza. Pipa la chuma nyuma ya jengo halifiki huko. Shimo lililomwagiwa mafuta ya taa ndiyo kabisa. Matokeo mnayajua kwa pua: moshi mweusi wa plastiki unaoingia wodini, vichupa vinavyopasuka kwa mlio, na majivu ambayo ukiyachokonoa unakuta sindano zimebadilika rangi tu, bado zinachoma. Plastiki yenye klorini, kama mifuko na mirija mingi ya dripu, ikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini na furani, sumu zinazohusishwa na saratani na zinazokaa mwilini na kwenye mazingira kwa miaka. Hutengenezwa hasa moshi unapopoa kati ya nyuzi 200 na 450. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kudhibiti sumu zinazodumu kwenye mazingira, umeyataja matanuri ya taka, yakiwemo ya taka za kitabibu, kati ya vyanzo vikuu vya sumu hizo. Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika haiteketei kabisa. Inapaa na moshi na kuja kutua kwa jirani. Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimajoto na vipima shinikizo la damu vya zebaki, kwa hiyo kama bado mnavyo, viondoeni kwa utaratibu wake, msivitie kwenye ndoo yoyote ya kuchomwa.

Tanuri zuri linataka mafuta, mwendeshaji aliyefunzwa, matofali ya ndani yanayobadilishwa, dohari ndefu, shimo la majivu lenye mfuniko. Nimeyaona mengi ya msaada yakiwa na kibao cha uzinduzi kinachong'aa na mlango ulioanguka. Hakuna aliyetengewa fedha za mafuta wala za fundi. Kwa hiyo kama mnazo fedha za mara moja tu, naombeni msinunue tanuri.

Kwa taka nyingi zenye maambukizi mvuke unatosha. Mtambo wa otoklevu unaopandisha joto hadi nyuzi 121 kwa shinikizo, na kulishikilia kwa dakika zisizopungua 30 baada ya mvuke kupenya mzigo wote, huua vijidudu bila moshi, na taka iliyotoka inaweza kusagwa na kwenda na za kawaida. Una mipaka: hautibu dawa zilizokwisha muda, kemikali wala viungo vya mwili. Unataka umeme, maji, na kupimwa mara kwa mara kwa vipimo vya spora, vijidudu vigumu kuuawa na joto, kuthibitisha kweli unaua. Mtambo wa taka usiwe ule ule wa vifaa vya upasuaji, hata kama meneja wa fedha atauliza kwa nini miwili.

Tena, kliniki ndogo haihitaji mtambo wake. India, ilipotunga kanuni mpya za taka za kitabibu mwaka 2016, iliweka sharti kwamba kituo kisijenge mtambo wa kwake kama kuna huduma ya mtambo wa pamoja ndani ya kilomita 75, na mifuko iwe na alama za kufuatilia. Mnaosimamia kliniki nyingi katika eneo moja, kaeni pamoja. Mtambo mmoja unaotunzwa vizuri unashinda matanuri kumi yaliyopoa. Tatizo litakuwa muda wa kukaa na taka kabla gari halijaja: katika nchi za joto, taka zenye maambukizi zisizidi saa 24 msimu wa joto, na saa 48 msimu wa baridi. Hapo mtahitaji chumba kidogo chenye kufuli, sakafu inayooshwa, kisichoingia paka wala mtoto. Siyo kona ya ngazi.

Kondo la nyuma lina shimo lake, lililojengewa, lenye mfuniko, mbali na kisima. Msikubali lichanganywe na chochote. Dawa zilizokwisha muda zirudishwe kwa msambazaji au mamlaka ya dawa, zisimwagwe sinki. Haya yana miongozo iliyo wazi, sina la kuongeza.

Kuhusu fedha. Nitaambiwa hakuna. Lakini mnakumbuka UVIKO. Kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, mpango wa pamoja wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulinunua na kusafirisha takriban tani 87,000 za vifaa vya kujikinga, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake mwaka 2022 lilisema sehemu kubwa ya hizo zinatarajiwa kuwa taka. Ripoti hiyo hiyo ilisema vituo 3 kati ya 10 duniani, na 6 kati ya 10 katika nchi maskini zaidi, havikuwa na uwezo hata wa kushughulikia taka zao za siku za kawaida. Fedha za kununua zilipatikana, na kwa haraka. Za kutupa hazikuandikwa popote. Ndivyo ilivyo kwenye oda zenu pia: mnaponunua mabomba 1,000, kwenye karatasi ile ile pawe na maboksi ya kuyapokea, mifuko, na gharama ya kuyateketeza. Bei ya sindano isiyohesabu safari yake ya mwisho ni bei ya uongo.

Mkaguzi akija tunajua kinachotokea. Ndoo mpya zinatolewa stoo, zinapangwa kwa rangi, picha zinapigwa, akiondoka zinarudi stoo zisichafuke. Funika kombe mwanaharamu apite. Nanyi mnaotuma wakaguzi, waambieni waache kuuliza kama kuna mwongozo ukutani. Waende nyuma ya jengo kwanza, wachokonoe majivu, waombe daftari la uzito la miezi mitatu iliyopita, kisha wamuulize mhudumu wa usafi, akiwa peke yake, mara ya mwisho alichomwa lini na alimwambia nani.

Ninachoomba kianze mwezi huu, kabla ya bajeti yoyote mpya: kila kituo kimtaje kwa maandishi mtu mmoja anayewajibika kwa taka, mwenye sauti ya kusimamisha kazi kwenye chumba ambacho boksi limejaa kupita kiasi. Anunuliwe mzani. Maboksi yahamishwe kutoka nyuma ya milango hadi ubavuni mwa anayechoma sindano, leo jioni kama inawezekana, maana ni kazi ya msumari na ubao. Na orodha ya chanjo ya homa ya ini B ifunguliwe upya, safari hii wahudumu wa usafi wakiwa juu, wa kampuni na wa kituo bila kubagua.

Nasubiri majibu yenu, na nitafurahi zaidi yakija na daftari la uzito.

Wenu katika kazi,
Muuguzi, kinga ya maambukizi